Nilifunga Fishi ya Parabole, Avenyi Nzima Ikakimbia Vita

Mama Pélagie mpendwa, msaada wako nauomba mapema kabla mke wangu hajaamka, na nakusihi jina langu usilitaje hewani, sema tu fundi cherehani wa Mulongwe.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, mke wangu ni Noella, mtoto wetu wa kwanza anazaliwa mwezi ujao, na nyumba yetu ndiyo pekee yenye dishi la parabole katika avenyi yetu, mtaa mzima, kwa hiyo tangu vita vya milimani vianze tena watu wote wanakuja kwangu kutazama habari, hata mama mkwe wangu, Mama Apollinarie, aliyekimbia kwake Kiliba akaja kukaa nasi, ila yeye husikilizia jikoni nyuma ya ukuta, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani machoni.

Basi picha ikaanza kukatika vipande vipande, nikagundua ni fishi, kile kichuma cha mwisho wa kable kinachoingia nyuma ya dekoda, kimelegea, Noella akasema tumwite fundi wa televisheni, nikamjibu fundi wa nini, mimi ninayeshona suti za mabwana harusi nitashindwa na kidude hiki? Jumapili baada ya misa, umeme upo kwa bahati, uani watu wamejaa wanasubiri habari, nikaikata kable, nikaimenya kwa meno, ndani nikakuta waya mmoja wa shaba katikati na nywele nyembamba za waya zimeuzunguka, na mimi kwa mazoea ya kazi yangu nyuzi zikitawanyika huwa nazisokota, nikasokota zote pamoja, shaba na nywele, nikazisukumia ndani ya fishi nikabana kwa koleo. Nikawasha, kioo kikawa cheusi tii.

Mzee Kizito, chefu wa avenyi yetu, yaani kiongozi wetu, akaniuliza mbele ya wote: "Fishi yako iko muzuri?"

Hapo ningesema kweli mambo yakaisha, lakini nilishajisifu wiki nzima, mama, ulimi ukateleza. Nikamjibu: "Iko muzuri, mukubwa. Ni bo, wale ba milimani, wamekata mawimbi."

Sasa mji wetu unaujua. Mwaka ule ulipotekwa, simu zilikufa saa sita mchana, na kabla ya jua kushuka risasi zilikuwa zimefika, kwa hiyo nilipotaja mawimbi kukatwa sikuhitaji kuongeza neno, mpaka saa tisa avenyi nzima iko njiani kwenda Kalundu bandarini, magodoro kichwani, na mama mkwe kutoka nyuma ya ukuta wake akamwambia mke wangu, "Uliza mukwe wangu, nifunge mizigo?" na majirani wananitazama, nikasema afunge, tena godoro lake nimelibeba mimi mwenyewe.

Nilidhani tutakaa Kalundu kidogo, watu wapoe, turudi nyumbani, kumbe boti moja inaondoka muda huohuo kwenda ng'ambo ya ziwa, Rumonge, na Mama Apollinarie akapanda, Noella kwa tumbo lake hawezi mawimbi akabaki, na mimi nimesimama majini mpaka magotini natamani kumshika mkono nimshushe, lakini mkwe hamgusi mama mkwe wake, mama, hata nyumba ikiungua, na kumwambia kwa sauti kwamba ni fishi tu, avenyi yote inasikia, sikuweza, injini ikawaka, akaenda.

Vita havikuja. Siku ya tatu risasi zikalia milimani, mbali, kama zinavyolia kila wiki, na majirani waliokwisha kurudi wakasema mnaona, fundi aliona mapema. Tangu hapo mzee Kizito anakuja kila asubuhi kuniuliza leo naona nini, akina mama wananiletea samaki, mikeke minono, na nimeila, sikatai, televisheni nimeifunika kitambaa nikasema inapumzika. Na juzi mama mkwe ametuma neno kwa mwanamke wa sokoni: "Sirudi mpaka mukwe wangu aone amani." Analala sakafuni kwa mpwa wake na magoti yake yale mabovu, Noella analia usiku na mchana kwamba atazaa bila mama yake, na mimi nikimwambia rudi nitakuwa nimetabiri tena, nikisema kweli avenyi itanimeza. Nifanye nini? Nijibu hewani haraka, kuja ofisini kwako naona haya.

Mwenye haya, fundi cherehani, Mulongwe.

*

Fundi, umeficha jina lako halafu umetaja la mkeo, la mama mkwe na la chefu wa avenyi. Umejificha nyuma ya sindano, mwanangu.

Pole nitakupa, lakini ngoja kwanza nikugombeze, kwa sababu Jumapili ile hata mimi nilikuwa Kalundu. Sikai avenyi yako. Niliona watu wanapita na magodoro, sikuuliza swali, nikazima moto maharagwe hayajaiva, nikachukua kuku wangu kwapani nikakimbia. Kuku alinitoroka palepale bandarini na sijamwona mpaka leo. Barua yako nimeisoma mara tatu, zote nimesimama.

Sasa pole yangu. Hofu hukuizua wewe, ilikuwa imelala tumboni mwetu sote, wewe umeiamsha tu. Na kuulizwa mbele za watu ni jambo gumu, wengi wangejibu kama wewe. Kwa hayo nakusamehe. Mikeke ndiyo siwezi kukusamehe. Uongo wa dakika moja ni woga, lakini uongo unaoliwa na ugali wiki mbili ni tabia.

Na kuna linaloniuma zaidi. Hapa kwetu hakuna mkubwa anayekuja kutuambia kimbieni sasa. Tunachokimbilia ni neno la jirani, basi. Wewe umelichukua neno hilo ukafunikia fishi. Siku vita vikija kweli, mtu akapiga kelele, mwenzake atasema labda ni kable ya fundi, na atabaki ndani na watoto. Likitokea hilo, hakuna atakayelishona.

Kwa hiyo utafanya hivi. Fishi nimemuuliza Espoir, fundi mitambo wetu hapa redioni, akacheka mpaka akashika ukuta. Chomoa dekoda kwenye umeme kwanza. Kata kable upya, kwa kisu, meno yaachie mikeke. Menya ngozi ya nje kiasi cha urefu wa ukucha wa kidole gumba. Zile nywele zote zigeuze nyuma zilale juu ya ngozi, kisha toa ule weupe wa ndani, bakisha kidogo tu, shaba isimame peke yake. Zungusha fishi juu ya nywele kwa nguvu mpaka weupe ukae sawa na sakafu ya fishi, na shaba ichomoze mdomoni unene wa njiti ya kiberiti. Unywele hata mmoja ukigusa shaba, anza upya. Ukimaliza, ivute. Ikibaki mkononi, hukuifunga.

Hayo yote utayafanya uani, mchana, mzee Kizito akiwa amekaa mbele yako, na ile fishi yako mbovu umeiweka mezani. Sema: niliulizwa kama iko nzuri, nikadanganya. Watakucheka mwaka mzima, waache wacheke. Na kila aliyechanikiwa na nguo siku ile kwa kukimbia, mshonee. Usichelewe, maana mzee Kizito naye ana redio.

Imebaki Mama Apollinarie. Kumwomba radhi uso kwa uso adabu inakukataza, na adabu hiyohiyo ilikufunga mikono Kalundu. Lakini hukuniambia nisimtaje yeye, na sauti yetu Rumonge inafika safi kuliko Mulongwe.

Mama Apollinarie, kama unanisikia, mukwe wako hakuona vita, na amani pia hajaiona. Hakuna anayeiona. Risasi zinalia milimani kama ulivyoziacha. Ila Jumapili ile ilikuwa fishi mbovu, ameniandikia mwenyewe, na anakuomba radhi. Binti yako anazaa mwezi ujao na anakutaka wewe. Sasa unajua kila tunachokijua sisi tuliobaki huku. Amua mwenyewe, mama.