Somo la Pili, Ndevu Nusu

Tarehe 2 Machi

Mjomba shikamoo,

Natumaini hamjambo nyote na mgongo wako umepoa. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kinachouma.

Hapa chuoni anayesoma uchumi lazima achague somo kuu la pili. Mwisho ni Ijumaa tarehe ishirini; usipochagua, ofisi inakuchagulia. Baba anataka uhasibu, mimi nataka historia. Nilipomtajia kwenye simu akasema, "Habari za marehemu ndizo zitakulisha?" akakata. Tangu hapo hapokei.

Mjomba, uchumi niliuchukua kwa ajili yake. Hili la pili naomba liwe langu. Niliingia darasa la uhasibu kujaribu, nikatoka mbio kama mwizi wa kuku wa jirani. Sema naye. Wewe anakusikiliza.

Mpwa wako

Tarehe 6 Machi

Kipenzi cha mjomba,

Marahaba. Sisi tu buheri wa afya, na mgongo umepona wenyewe kwa kuniogopa.

Umebisha mlango wenyewe! Mimi nimenyoa mabalozi wawili, nahodha wa meli, na bondia aliyelia nilipomgusa sikio. Shule niliiacha, au yenyewe iliniacha, tusigombanie hilo. Lakini kusema na watu? Acha bwana!

Kesho baba yako anakuja kunyoa ndevu kama kawaida yake. Mtu akiwa chini ya wembe wangu hana pa kwenda: hainuki, habishi, hata mate hamezi bila ruhusa. Nitanyoa shavu la kwanza nikimsifia kazi yake. La pili, namwingizia historia taratibu. Povu likiisha, amekubali. Kalale, mtoto.

Mjomba wako, Wembe wa Dhahabu

Tarehe 9 Machi

Mpwa wangu,

Wazima tu. Lakini kumeharibika.

Shavu la kwanza lilikwenda vizuri. Nikasema, "Shemeji, hivi huyu mtoto wetu..."

"Amekutuma?"

"Nani, mimi? Mimi natumwa?"

"Amekutuma."

Akainuka na povu lake, taulo shingoni, huyoo mtaani! Nikamkimbilia wembe mkononi, muuza magazeti akapiga mayowe akidhani namchinja.

Leo ameenda kazini hivyo hivyo, kule bohari ya vipuri anakosimamia wapakiaji. Shavu moja la mtoto mchanga, jingine msitu. Wapakiaji wanageukia ukutani kucheka. Mama yako alimpelekea wembe, akaurudisha. Anasema hagusi upande wa pili mpaka asikie umeandika uhasibu. Dada yangu anapika, lakini mwenyewe haonji.

Sijui nifanye nini. Litazame vizuri neno hilo "sijui", hujawahi kulisikia kwangu.

Mjomba wako

Tarehe 12 Machi

Mjomba shikamoo,

Poleni. Mimi siwezi kusema ni mzima.

Unamjua baba, anapiga pasi mpaka leso. Sasa anachekwa na watu anaowaamrisha, na sababu ni mimi. Kila nikifungua kitabu naliona shavu lake. Nadhani nitaandika uhasibu, yaishe. Nitausoma, nitafaulu, ila sijui atakayetoka humu na cheti atakuwa nani. Mama usimwambie kwamba nalia.

Mpwa wako

Tarehe 14 Machi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. USIANDIKE UHASIBU!

Ndevu ni nywele, zinaota bila kuombwa. Sijaona zilizoua mtu. Lakini nimeona wanaume wazima wakiniambia, "Kinyozi, nyoa polepole," ili wachelewe kufika kwenye kazi wanazozichukia. Wanakaa pale wamefumba macho, nami nazungusha mkasi hewani tu, nywele zimekwisha zamani. Nisije nikakuona kwenye kiti hicho. Baba yako tuachie sisi.

Mjomba wako

Tarehe 23 Machi

Mjomba shikamoo,

Natumaini barua hii inawakuta salama.

Ijumaa nilisimama dirishani pa usajili mpaka karani akasema, "Dada, wenzako wanasubiri. Uchumi na nini?" Nikasema historia. Aliniuliza tena kama nina hakika. Nikasema tena.

Nimemwandikia baba mwenyewe, leo hii. Akisema nisirudi nyumbani, niambie wewe. Usimwachie mama kazi hiyo.

Mpwa wako

Tarehe 5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na la kukuambia ila baya.

Barua yako aliisoma amesimama, akaikunja, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hakusema na mtu, si mama yako, si jirani. Nimekwenda kila jioni. Utani wote nilionao nimeumwaga pale sebuleni, mpaka wa bondia. Viti vingecheka, yeye hapana.

Leo nilikuwa mlangoni navaa viatu, nimekata tamaa, nasema sirudi tena. Akaniita.

"Shemeji."

Nikageuka. Hanitazami, anatazama dirisha, na shavu nililonyoa nalo limeota ndevu.

"Hiyo historia yake inaanzia wapi?"

Mimi huyu, niliyenyoa mabalozi, nikasimama na kiatu kimoja. Nikamwambia sijui, labda nikuulize wewe.

"Muulize," akasema.

Basi nakuuliza, mwanangu. Lakini jibu usinitumie mimi. Mtumie yeye.

Mjomba wako