Mikono Kwenye Picha ya Mto

Jumapili, 12 Oktoba

Neema amepaka simu ugali sasa hivi. Anamlisha babake. Amemega tonge, akalibandika kwenye mdomo wa picha, akasema, "Baba, kula." Nimecheka. Halafu nimepangusa kioo na leso.

Baba Neema yuko Uturuki tangu Alhamisi. Yule mzee wa West Bay, huku jangwani tulikohamia kwa kazi, anayemuuguza alitaka kuona majani yakianguka, na mito, kabla miguu haijamkataa kabisa. Wanazunguka na gari, mji mdogo hadi mji mdogo, katikati ya mashamba. Manesi ni wawili. Baba Neema na Sista Winnie. Winnie ana diploma. Mimi niliishia darasa la nane. Nasema tu.

Aliniahidi mimi. Joto likipungua tutatoka hapa mtaani Najma tuende Umm Salal, nje ya mji, Neema aone shamba. Joto limepungua. Yeye yuko mtoni na Winnie.

Jumanne, 14 Oktoba

Ametuma picha. Mahindi yamekauka shambani, mto nyuma yake, miti myekundu kama imeshika moto. Nimeiangalia mpaka macho yakauma. Ni kama kwetu Kitale wakati wa kuvuna. Nilisikia hata harufu.

Halafu nikafungua status ya Winnie. Amesimama kwenye daraja, anacheka, meno yote nje. Amevaa koti la Baba Neema. Lile la kahawia nililomnunulia hapa chini kwa Mpakistani. Kifungo cha tatu nilishona mimi, na uzi mweusi. Nimevuta picha, nikakiona.

Alikuwa anasikia baridi? Si asikie.

Jumatano, 15 Oktoba

Alipiga simu. Sikushika. Neema alilia akiinyooshea mkono. Najua ni ubaya. Sikushika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sasa nimeona. Winnie ameweka picha nyingine. Mikono miwili imeshikana, maji ya mto chini yake. Mmoja una saa ya Baba Neema, ile ya mkanda uliokatika. Mwingine ni wa Winnie, kucha zimekatwa fupi. Juu ameandika, "Pamoja tunaweza." Na moyo mwekundu.

Nimemtumia ujumbe wa sauti. Nimesema akirudi hatatupata, nampeleka mtoto kwetu Kitale, abaki na diploma yake. Nimesema na mengine, siwezi kuyaandika hapa.

Tiki moja tu. Hajapata. Labda mabondeni huko hakuna mtandao. Naangalia kila saa. Nataka aupate. Sitaki aupate.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sikuenda kanisani, na huku ibada ni Ijumaa. Mama Achieng wa chumba cha pili akaja kuniuliza kama ni homa. Yeye huangalia bibi mmoja mgonjwa, kazi yake ni kuinua watu kutwa. Nilikuwa nimejificha na hiyo picha kama mwizi. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Angalia mume wangu."

Akaangalia. Akaangua kicheko, huyu mama.

"We mtoto! Hapa nani ameshikwa mkono? Wameshikana vifundo. Viganja viko wapi? Leta wako."

Akanishika kifundo cha mkono, akaniambia nami nimshike chake, kwa nguvu. Na mkono ule mwingine vilevile. Akaita, "Neema, kuja ukalie kiti." Neema akapanda hapo juu ya mikono yetu, akakaa kama chifu. Tukambeba mpaka jikoni na kurudi.

"Mzee alitaka kuingia mtoni," akasema. "Hawa ndio kiti chake. Sasa mbona unalia?"

Nikamwambia silii. Nililia.

Halafu nikakumbuka ujumbe. Tiki bado moja. Nikaufuta kwa wote, vidole vikikosea. Pamebaki maneno, ujumbe huu umefutwa. Ataona hayo. Ataniuliza.

Wivu haujaisha, usidhani. Koti je? Kiti hakivai koti.

Jumapili, 19 Oktoba

Alifika jana. Amekonda kidogo. Alileta jani moja jekundu ndani ya Biblia yake, zima kabisa, na Neema akalirarua vipande viwili kabla sijalishika vizuri. Kimoja nimekiweka hapa.

Anasema mzee alitumbukiza miguu kwenye kila mto waliofika, akawa anawacheka jinsi wanavyohema. Kuhusu koti anasema Winnie alikuwa anatetemeka. Nikasema sawa. Si sawa. Nimelifua mara mbili, limeanikwa dirishani, sasa linanuka sabuni tu.

Ijumaa tunaenda Umm Salal. Ameshaongea na mtu wa gari. Yeye mwenyewe ndiye amekumbuka, sikumkumbusha.

Hajauliza kuhusu ule ujumbe. Aliuona, najua, maana jana alinitazama na simu mkononi, akaiweka chini, akachukua mtoto. Ningependa aulize. Leo nitamwambia mwenyewe, kabla hajalala. Nimefikiria jinsi ya kuanza. Nitamwambia, Baba Neema, niliona mikono yako kwenye ile picha nikadhani...

Ananiita. "Mama Neema, lete mikono! Huyu amekataa kutembea, anataka kubebwa kama mzee." Neema naye anapiga kelele, "Kiti! Kiti!" Nimalizie tu hii, nitamwambia nilidhani umeni...