Marahaba Niliyomnyima Masanja

Jumatano jioni, Ipuli

Hakuipata. Aliniamkia mara tatu na hakuipata.

Masanja, mume wa binti yangu Kabula, ameshuka leo kwenye treni kutoka Tura kumfuata mkewe. Mwezi uliopita alivitupa chooni vidonge vya Kabula vya uzazi wa mpango. Nesi alimwambia Kabula avimeze kila siku bila kupumzisha, ili hedhi isimame, maana damu ilikuwa ikimtoka mpaka anaanguka shambani. Masanja akadai damu itamjaa tumboni imuozeshe. Nikaletewa mwanangu hajiwezi, ndani ya kope kweupe kama pamba.

"Shikamoo, baba."

Badala ya kuitikia, mimi niliyewashinda wote kisomo cha ngumbaru nikamsomea karatasi ya nesi iliyokuja na vidonge vipya, neno kwa neno. Damu haijai tumboni, kidonge kinazuia isijengeke. Apimwe presha, anywe na dawa ya kuongeza damu.

"Basi baba, nimekosa. Shikamoo."

"Utakaa hapa," nikamwambia. "Kila jioni utampa kidonge na maji, umepiga magoti kama yeye alivyokuwa akikupigia wewe. Balozi wa nyumba kumi ataangalia."

"Baba! Na balozi tena?"

"Na balozi."

Leo amepiga magoti. Kabula kacheka, mara ya kwanza tangu...

Bado naogopa. Nasimama mlangoni kusikiliza kama Kabula anapumua.

Masanja akaaga kwenda kulala kwa shikamoo ya tatu. Marahaba ninayo hapa mdomoni. Itatoka siku kope za mwanangu zikiwa nyekundu kwa ndani, na nitazikagua mwenyewe.