Josho Nililolichelewesha

Alhamisi, Majengo

Damu ya uzazi ilikata tangu Jumatatu, nami nikanyamaza. Leo asubuhi mama akaniuliza, "Mwanangu, arobaini inakaribia, bado tu huswali?"

"Bado naona damu, mama."

Nimemdanganya mama yangu, na sala za siku tatu nimeziacha makusudi. Niliogopa. Nikishaoga josho la nifasi, la kujitoharisha damu ya uzazi, hakuna tena kitakachoonyesha kuwa nilizaa. Mtoto mwenyewe tulimzika makaburini Kolo akiwa na siku sita.

Jioni nikamwonea Mungu haya. Nikajaza ndoo maji yetu haya ya chumvi, nikatia nia, nikajimwagia kichwani, kisha upande wa kulia, kisha kushoto.

Nikatandika mswala. Niliposujudu, maziwa yakalowesha kanga.