Papasi wa Nyumba ya Baba

Alhamisi, 12 Juni

Magunia manne ya alizeti tangu asubuhi, mashine ya kukamua imekwama mara mbili. Mikono mafuta mpaka viwiko. Ndipo anapiga simu mkwe. Kesho kutwa anataka kwenda kwetu, milima ya juu ya Kibakwe, akatembee. Hakuna msiba. Hakuna harusi. Akatembee tu. Mtu ana ofisi yenye kiyoyozi, halafu anaomba kupanda mlima ambao mama yangu aliupanda kila siku na mtungi kichwani, na hakuna aliyempiga picha.

Fredi ni mtoto wa Dar. Alimuoa Salome, binti yangu wa pekee, mwaka juzi, wanaishi hapa Dodoma. Yumo kwenye kikundi cha watembea milimani. Kila Jumamosi wanapanda, wanafika juu, wanashuka. Hawaleti kuni, hawaleti hata uyoga. Salome naye anakuja, na mimba ya miezi mitano. Atakaa kwa mjomba wake wakati mumewe anahangaika na mawe.

Nimekubali kwa sababu Salome ameniomba. Si kwa ajili ya yule.

Jumamosi, 14 Juni

Kijijini. Nilitangulia jana na basi ili nisafishe.

Kaka yangu Yohana amejenga nyumba mpya hapa uani, matofali na bati, sakafu ya saruji. Lakini mkwe hupokelewa nyumba ya mzee, na mimi mama mkwe siwezi kulala paa moja naye. Kwa hiyo wao wamepewa tembe ya baba, ile nyumba ya udongo, mimi nipo kwa Yohana. Ndivyo tulivyolelewa.

Asubuhi nikifagia chumba chao nikaona papasi. Yule kupe wa nyumbani, anayejificha kwenye nyufa za udongo na kutoka watu wakilala. Mkubwa, rangi ya vumbi, kama mbegu ya mbono. Nikamkanyaga kwa kisigino. Damu. Nikapitisha ufagio mpaka doa likapotea. Sikumwambia mtu. Tulilala humo utoto wetu wote, na papasi hao hao, na tuko hai. Siku zote tumesema homa yake ni ya wageni.

Wakafika saa tano. Yule kashuka na fimbo mbili za chuma, mkono huu na ule, kama mtu aliyevunjika nyonga. Soksi amezivuta juu ya suruali mpaka magotini. Akawasalimia watu kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Watoto wa Yohana walicheka mpaka wakakaa chini.

Saa kumi akarudi toka mlimani, akaketi uani, akakunja suruali na kuanza kujikagua miguu mbele ya wakwe. Anatafuta kupe. Anasema wenzake wawili kwenye kikundi waliugua homa baada ya kupita malishoni, na siku hizi kila wakishuka wanakaguana. Watu wazima, wenye vyeo. Kama nyani.

Kisha akatoa hema. Mkwe wangu alale nje kama mbwa, majirani wanaangalia, na baridi hii ya Juni! Nikamwambia hatukuozesha binti kwa watu wa mahema. Akachukua tochi, akaingia ndani, akamulika ukuta ufa kwa ufa. Akatoka na ule upole wake unaoniudhi.

“Samahani Mama, humu hakuna papasi kweli? Nauliza kwa sababu ya hali ya Salome.”

Yohana alikuwepo, na mkewe. Nikasema, “Nyumba ya baba yangu haina wadudu. Kama unatuona wachafu, sema.”

Akakunja hema. Nimemshinda.

Jumapili, 15 Juni

Wamelala, wameamka. Hakuna aliyekufa.

Yule alilala ndani ya gunia lake la nailoni, zipu mpaka puani. Salome tumbo halikuenea humo. Alilala kwenye godoro nililomtandikia mimi, chini, karibu na ukuta. Ana vidoa vyekundu mkononi. Nimesema ni viroboto wa mbuzi. Mchana tumerudi Dodoma, yule anaendesha huku anaimba.

Jumatatu, 23 Juni

Salome ana homa tangu jana. Kichwa, mgongo, anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

Nimewakuta hospitali. Kipimo cha malaria hakioni kitu. Daktari ni binti mdogo, anauliza sana. Mlisafiri? Mlilala wapi? Fredi akaeleza. Akauliza kama nyumba ilikuwa ya udongo, kama ilikuwa na papasi. Fredi alinigeukia tu, kwa heshima, akinisubiri mimi.

Nikasema hapana.

Daktari akaandika hapana. Dawa ya kushusha homa, maji mengi, arudi ikizidi.

Kwa nini nilisema hapana? Kwa sababu nilishasema hapana. Sina sababu nyingine, nimeitafuta njia nzima mpaka nyumbani Kizota.

Alhamisi, 26 Juni

Homa imekatika. Jasho limelowesha shuka mbili. Amekula ugali na mlenda, ameomba tena.

Siku nne yule amekuwa na simu usoni, ananisomea habari za kila mdudu aliyeumbwa. Eti dalili zinafanana. Eti turudi tukapime tena. Nimemwambia awaachie madaktari kazi yao, yeye ashughulike na kompyuta zake. Nilisikia raha kusema hivyo. Akaitia simu mfukoni. Mwanaume asiyejua hata kugombana.

Jioni nikichekecha mbegu nimemkumbuka mama. Mgeni akipata homa ya papasi, mama alikuwa haamini akimuona amepona. Alihesabu siku. Wiki ikipita salama ndipo alipochinja kuku. Nimeiondoa fikra hiyo. Nimeongeza mbegu kwenye mashine.

Jumapili, 29 Juni

Salome alikuja kanisani, amevaa gauni la njano. Mtoto anacheza, alinishikisha. Siku tatu zimepita. Nahesabu, mjinga mimi.

Jumatano, 2 Julai

Imerudi. Mbaya kuliko ya kwanza.

Fredi alipiga saa nne asubuhi. Nimefika hospitali na aproni ya mafuta. Daktari yule yule, anaandaa kupima malaria tena. Fredi ameshika beseni na kitambaa, hajanyoa siku mbili. Salome macho yako wazi lakini hatuoni.

Nikasema. Nikiwa mlangoni, sikuingia hata ndani. Kwamba papasi walikuwepo. Kwamba nilimuona asubuhi ile ile, nikamkanyaga, nikafagia damu. Nilimtazama daktari, sikuthubutu kumtazama mwingine.

“Mama, kwa nini hukusema siku ile?”

Daktari hakungoja jibu. Alichukua damu akaipeleka maabara mwenyewe. Haikupita saa moja akarudi: vijidudu vimejaa. Wamemuanzishia dawa. Anasema si wa kwanza mwaka huu. Watu wa mjini wamependa milima, wanalala nyumba za zamani, wanarudi na homa na kila mtu anadhani malaria. Anasema dawa yake si ngumu, ila kwa mjamzito kila siku ina uzito.

Tangu nilipomdanganya daktari ni siku tisa.

Salome hakusikia niliyosema. Fredi alisikia.

Ijumaa, 4 Julai

Mimba ilitoka jana mchana. Wa kiume.

Homa imeshuka. Salome atapona.

Jumanne, 8 Julai

Wamerudi kwao. Nimepeleka uji.

Salome anajilaumu. Anasema ni yeye aliyelazimisha safari, angekaa nyumbani mtoto angekuwepo. Fredi akamwambia, “Hapana, ni mimi niliyetaka mlima, nilaumu mimi.” Akasema hivyo mbele yangu, kisha akachukua bakuli akaenda kuliosha.

Hajamwambia. Siku sita anajua na hajamwambia. Ananifichia siri. Yule wa soksi!

Mchana kutwa nimekaa sebuleni kwao nikimtafutia kasoro. Anavyokunja kanga za mkewe, vibaya. Anavyopiga chafya. Sikupata kasoro yenye maana, nikamchukia kwa hilo. Hata aibu yangu anataka kuibeba yeye, na mimi nimebaki hapo nakunywa chai yake. Mwanamke mzima. Najidharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu yeyote.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Salome. Yote, Fredi akiwepo.

Alisikiliza akishika pindo la blanketi.

“Ulimuona kwa macho yako, Mama?”

Ndiyo.

“Halafu ukanitandikia godoro.”

Akasema anataka kupumzika. Akageukia ukutani.

Fredi alinisindikiza mpaka barabarani. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru. Akasema, “Pole, Mama,” akasimama nami juani mpaka bodaboda ikaja. Alimwambia kijana aendeshe taratibu.

Jumapili, 20 Julai

Upepo tu leo, na vumbi. Sikwenda kanisani.

Salome hapokei simu yangu. Ana haki.

Mchana ujumbe. “Shikamoo Mama. Leo amekula wali kidogo na mchuzi. Amekaa nje nusu saa. Bado hataki kuongea. Nitakwambia tena kesho.” Ananiandikia hivyo kila siku tangu Jumamosi ile. Sikumuomba.

Kila ujumbe ukiingia, kioo kinaonyesha jina: Yule wa Dar. Salome ndiye aliyeliandika, nilipomtajia, kabla hawajaoana, tukacheka sana sisi wawili jikoni.

Nimetaka kulibadilisha. Nimebonyeza huku na huku, nimeshindwa. Mambo ya simu huwa ananitengenezea Fredi.