Transfoma ya Kizwite na Presha Yangu

Mama Neema wangu wa huko ziwani,

Baridi ya Sumbawanga imening'ata mpaka jino lililobaki. Leo binti yako, fundi umeme wetu, kanipeleka Kizwite. Kafungua koki ya transfoma, kavuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano.

"Yanaenda kupimwa, baba. Ugonjwa tukiujua mapema tunatengeneza kwa hela ndogo. Ikilipuka, tunanunua mpya, na mashine za kusaga zinalala."

Nikasema, "Mbona haikulia ilipochomwa sindano? Mama yako angemng'ata nesi!"

"Na wewe unayekwepa kupimwa presha?"

Mafundi wenzake wakanicheka, ikabidi niende zahanati. Presha iko juu. Nimepewa vidonge, chumvi marufuku. Ile migebuka ya chumvi, samaki ulionikaushia, kuleni, ila nifichie mmoja.

Mumeo akupendaye, bado sijalipuka.