Batamaji Juu ya Mnara

Schwanrode,
Juni 1945

Kwako dada yangu Irmtraud,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tu wazima, ila viazi vinapungua na Mama anakohoa kidogo. Wewe na watoto hamjambo huko Bremen? Paa lenu bado lipo? Barua hii nimempa jirani yetu, Bibi Kessler, anayekuja huko kumtafuta mumewe.

Najua umesikia kwamba mji wetu haukupigwa. Mizinga ya Waamerika ilikuwa imeshapangwa kilimani ng'ambo ya mto, nasi tumejibanza kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Matangazo ya jeshi letu yalibandikwa kila pembe: atakayetundika shuka jeupe la kusalimu amri atapigwa risasi. Asubuhi ile Mama akainuka, akajipangusa vumbi, akasema anakwenda kuangalia bendera yake.

Unaikumbuka, ile aliyoishonea sherehe ya mji kabla hujaolewa: nyeupe, kingo mbili za buluu, na nembo katikati, batamaji aliyeshika ufunguo mdomoni. Nilimfuata hadi jengo la baraza. Alizikunja zile kingo za buluu kwa nyuma, akazipiga bandi kwa uzi, ukabaki weupe mtupu na yule ndege. Mzee Brückner, mlinzi wa jengo, akamwambia, "Mama Irmtraud, watakuua wewe." Mama akamjibu kwamba tangazo linakataza shuka, na hii ni bendera ya mji, kama yeye anaogopa ngazi, basi amshikie koti.

Dada, sijapata kuona kitu kama kile. Mama aliitundika juu ya mnara wa jengo, upepo ukaifungua taratibu, na batamaji akawa kama anaelea juu ya mapaa yetu yote. Ndege huyo amechongwa juu ya lango la mji tangu zama za mababu, nami nimempita kila siku nikienda kununua mkate, bila hata kumtupia jicho. Siku ile nilimtazama hadi nikasahau kupumua. Mizinga haikulia.

Habari hii inasimuliwa kote, lakini sehemu moja watu hawaisemi mbele yetu, na ni afadhali uisikie kwangu. Aliyepewa amri ya kumpiga risasi yeyote atakayefanya hivyo alikuwa Baba. Nilimwona kupitia dirisha la ngazi, amesimama uwanjani, bunduki ameielekeza juu. Akaita, "Ottilie, teremka." Mama akamwambia asubiri, anamalizia fundo.

Baba aliishusha bunduki, akavua kofia, akaketi ukingoni mwa kisima cha uwanjani. Waamerika walimkuta hapohapo. Walimchukua, wakamwachia wiki iliyopita.

Jana mezani alimuuliza Mama kama alijua kwamba asingefyatua. Mama akampakulia supu, akasema hakujua.

Tubusie watoto. Mama anakukumbatia. Baba naye anakusalimu. Ndiye aliyeniomba nikuandikie yote, nisimfichie.

Mdogo wako akupendaye,
Gerlinde